Fallout ya 1997: gemu ya zamu inayokupa kete moja tu

Mtu wa Mombasa hana haja ya kuelezwa maana ya mfereji kukauka. Kisima cha nyumba kina maji ya chumvi, bomba la Mzima likisita siku chache bei ya mtungi wa lita 20 inapanda, na mwenye mkokoteni anakuwa mfalme wa mtaa. Fallout, gemu iliyotolewa na Interplay mwezi Oktoba 1997, inaanza papo hapo. Watu wamejificha kwenye handaki la Vault 13 huko California tangu vita vya nyuklia, kifaa kinachoendesha mtambo wao wa maji kimeungua, mwaka ni 2161, na wewe ndiye unayetolewa nje ukatafute kingine. Una siku 150.

Tangu tamthilia yake ya televisheni ilipotoka 2024, vijana wengi wameirudia gemu hii ya kwanza, kisha wakaiacha kabla ya kufika mji wa pili. Si ajabu. Ni gemu yenye hesabu nzuri kupita nyingi zilizokuja baada yake, na yenye kasoro moja kubwa ambayo hakuna anayekuonya: vita vyake ni vya zamu kama bao, lakini kete unayoisogeza ni moja. Kila mwenzako anacheza anavyotaka mwenyewe. Ukilielewa hilo mapema, utajua wapi gemu inakufaa na wapi inakukera.

Tuanze na hesabu, maana huko ndiko utamu uliko.

Mhusika ana sifa saba: Strength, Perception, Endurance, Charisma, Intelligence, Agility na Luck. Kila moja inaanza na 5, halafu unapewa pointi tano za ziada, na unaruhusiwa kupunguza hapa ukaongeza pale. Ni kama namua kwenye bao: unavyotandaza kete mwanzoni ndivyo utakavyokula au kuliwa baadaye, na hakuna kurudi nyuma. Sifa ya kuangaliwa kwanza ni Agility, kwa sababu ndiyo inayozaa AP, yaani pointi za kitendo unazotumia katika kila zamu. Kanuni yenyewe ni 5 kujumlisha nusu ya Agility, na nusu isiyotimia inatupwa. Agility 6 inakupa AP 8, na Agility 7 inakupa AP 8 vilevile. Kwa hiyo namba witiri hapo ni pointi uliyoitupa baharini, ukiacha faida ndogo za kukwepa na za stadi.

Sasa tazama bei. Risasi moja ya bastola ya milimita 10 inakula AP 5. Ukitaka kulenga kiungo fulani cha mwili inakula 6. Hatua moja ni AP 1. Kupakia risasi upya ni 2. Kufungua mkoba wako katikati ya vita ni 4. Mwenye AP 7, mwenye 8 na mwenye 9 wote wanapiga risasi moja kwa zamu. Mwenye 10 anapiga mbili. Pointi moja tu ya AP imezidisha nguvu yako mara mbili, na gemu haikwambii lolote. Ndiyo maana wazoefu wanapeleka Agility hadi 10 bila kujiuliza.

Ipo njia ya mkato. Mwanzoni unaruhusiwa kuchagua tabia mbili za kudumu, na moja ni Fast Shot: kila risasi inapungua AP moja, lakini huwezi tena kulenga kiungo. Bastola ikishuka hadi 4, mwenye Agility 6 tu, yaani AP 8, tayari anapiga mbili. Inafaa kwa anayetaka kuweka pointi zake kwingine. Mimi siipendi, kwa sababu kulenga ndiko kunakofanya vita vya gemu hii viwe na ladha. Ukilenga macho, nafasi yako ya kupata inakatwa asilimia 60. Kichwa kinakatwa 40, mikono na kinena 30, miguu 20. Mwanzoni stadi yako ikiwa bado changa, macho yasahau, piga miguu ya anayekukimbilia. Mguu ukivunjika anakufikia polepole, nawe una zamu zaidi. Stadi ikishapita asilimia 100 ndipo macho yanapoanza kulipa, na kuanzia hapo gemu inakuwa nyepesi kuliko inavyotakiwa. Hiyo nayo ni kasoro: njia moja bora inafunika nyingine zote.

AP usizotumia hazipotei. Kila moja iliyobaki inaongeza pointi moja ya ulinzi mpaka zamu yako irudi. Kwa hiyo ukibaki na 2 au 3 na huna la maana la kufanya, funga zamu. Usijisogeze hatua moja ovyo kwa kuwa tu unayo.

Na ule mkoba wa AP 4 una siri yake. Unalipia kuufungua, hulipii unachofanya ndani. Ukishaufungua unaweza kujidunga sindano tano za stimpaki, dawa ya kuponya majeraha, ukavaa deraya nyingine, ukapakia bunduki mbili, kisha ukafunga. Mgeni anatumia stimpaki mojamoja kutoka mkononi na kila moja inamkata AP. Mwenye AP 9 anapiga risasi moja na kufungua mkoba, mahesabu yanatimia bila senti kubaki.

Baada ya Agility ni Intelligence. Kila ukipanda daraja unapata pointi za stadi 5 kujumlisha Intelligence mara mbili. Mwenye 9 anapata 23, mwenye 4 anapata 13, na mwisho wa kupanda ni daraja la 21, kwa hiyo tofauti ni pointi 200 kwa gemu nzima. Chini ya 4 mhusika hawezi kutunga sentensi. Anaguna tu, watu wanamfukuza au wanamhurumia, na kazi nyingi hazimfungukii kabisa. Ni mojawapo ya mambo ya kijasiri zaidi kwenye gemu hii: namba uliyoiandika kwenye ukurasa wa kwanza inasikika kila unapofungua mdomo. Ila usianze nayo mara ya kwanza.

Tabia ya Gifted ndiyo wengi wanaichukua, na wana haki. Inaongeza moja kwenye kila sifa, halafu inakukata asilimia 10 kwenye kila stadi na pointi tano kila daraja. Jumla ya sifa inatoka 40 hadi 47. Mpangilio unaokwenda vizuri hadi mwisho ni huu: Strength 5, Perception 8, Endurance 4, Charisma 3, Intelligence 9, Agility 10, Luck 8. Uhai wa kuanzia ni 15 kujumlisha Strength kujumlisha Endurance mara mbili, yaani 28 tu, kwa hiyo siku za kwanza hupigani na nge wawili kwa mpigo. Strength 5 inatosha bunduki ya kuwindia na ile ya masafa marefu, na deraya ya Brotherhood of Steel, kundi moja la wapiganaji ndani ya gemu, itaongeza tatu baadaye. Charisma 3 haidhuru sana, kwa kuwa katika toleo hili idadi ya wenzako haitegemei Charisma.

Stadi ziko 18 na hapa gemu inakosea waziwazi. Unachagua tatu za kuwekewa alama, ambazo zinapanda mara mbili kwa kila pointi, lakini hakuna kinachokuonyesha kwamba karibu nusu ya orodha ni mapambo. Gambling, Outdoorsman, Throwing na Traps unaweza kuzipuuza ukafika mwisho salama. First Aid inakubali kutumika mara tatu tu kwa siku, na stimpaki zinaifanya ionekane bure. Big Guns inakunywa risasi kama daladala bovu linavyokunywa mafuta. Mtu anayeweka alama zake kwenye First Aid, Throwing na Outdoorsman amejinyonga kabla hajatoka mlangoni, na atalijua hilo saa sita baadaye. Weka Small Guns, Speech na Lockpick, yaani bunduki ndogo, maneno na kufungua kufuli. Small Guns inakufikisha hata kwenye handaki la mwisho. Energy Weapons inafaa ukianza kukutana na mijitu ya kijani yenye deraya, si kabla.

Sasa wale wenzako.

Wapo wanne: Ian anapatikana Shady Sands, mji wa kwanza; Tycho na mbwa Dogmeat wako Junktown; Katja yuko mbali kusini, kwenye magofu ya Los Angeles. Ian atakuomba vifuniko 100 vya chupa, ndiyo sarafu ya huko, au umshawishi kwa maneno. Mbwa anataka kulishwa nyama ya mjusi tu, au akuone umevaa jaketi la ngozi. Hadi hapo ni raha tupu. Kisha vita vinaanza, na unagundua kwamba huwezi kumwambia Ian asimame wapi, ampige nani, wala anyamaze. Zamu yake ikifika anaangalia adui, anaangalia silaha yake, na anafyatua. Kama umempa rashasha ya milimita 10, atafyatua mfululizo wa risasi kumi, na kama mgongo wako uko katikati ya njia, zitapita mgongoni mwako. Hilo si ajali ya nadra. Ndivyo programu ilivyoandikwa: haihesabu aliye njiani.

Dawa ni mbili. Usimpe Ian rashasha kamwe, mwache na bastola, na ukiwa na rashasha ya ziada iuze kabla hajaipata. Pili, usitangulie mbele yake kwenye ushoroba mwembamba. Mwache asimame ubavuni mwako, au wewe uwe nyuma. Wachezaji wa bao watashangaa kwamba wanahangaika kumkwepa mwenzao kuliko adui, na ni haki yao kushangaa.

Kuna zaidi. Hawapandi daraja na hawavai deraya unayowapa. Ukitaka kurudishiwa kitu ulichompa, unabadilishana naye biashara au unamwibia mfukoni, yaani unamwibia rafiki yako bastola uliyomnunulia mwenyewe. Wakisimama mlangoni kwenye chumba chenye mlango mmoja, huna amri ya kuwasukuma. Amri hiyo iliongezwa Fallout 2 mwaka 1998. Hifadhi gemu kabla ya kuingia vyumba vidogo, na weka faili mbili tofauti, zipo nafasi kumi. Mwishoni, kwenye kambi ya kijeshi ya Mariposa, kuta za nguvu ya umeme zinamuua mbwa kwa sababu yeye anakufuata tu bila kuziona. Anayempenda Dogmeat amwache nje ya kambi kwa njia yoyote atakayoipata, au azime kuta kwanza kwenye kompyuta zao.

Kwa hiyo mbinu za vita ni zako peke yako, na mbinu iliyo bora ni ya mahali zaidi kuliko ya silaha. Adui wa kuuma na kukwaruza, nge kwa mfano, analipia kila hatua. Piga risasi moja kwa AP 5, rudi nyuma hatua tano. Atatumia zamu yake kutembea, na atakapofika amebakiwa na pumzi ya pigo moja. Adui mwenye bunduki mfanyie kinyume: simama nyuma ya kona, toka, piga, rudi. Usiku nafasi yako ya kupata inashuka, kwa hiyo kama stadi yako ni ndogo usianzishe ugomvi gizani.

Kero ya mwendo lazima itajwe. Ugomvi ukizuka mjini, hata mwanakijiji asiyehusika anapewa zamu yake ya kukimbia huku na huku, mmoja baada ya mwingine, nawe umekaa unatazama kama foleni ya magari kwenye feri ya Likoni saa moja asubuhi. Fungua mipangilio, sukuma kipimo cha mwendo wa vita hadi mwisho, na utie alama pale panaposema mwendo huo umhusu mchezaji pia. Inapunguza maumivu, haiyamalizi. Adui aliyejeruhiwa hukimbilia pembeni mwa ramani na vita havikubali kufungwa mpaka awe mbali vya kutosha. Kitufe cha Enter kinajaribu kufunga vita, Space kinafunga zamu.

Turudi kwenye maji, maana hapo gemu inapanda juu ya wenzake wote. Siku 150 zinaonekana nyingi mpaka utakapoanza kusafiri. Kila safari ya mji hadi mji inakula siku, na kupumzika ili upone kunakula zaidi. Watu wengi wanakimbia moja kwa moja wakitafuta kifaa na wanakosa nusu ya gemu. Hakuna haja. Kwenye mji wa Hub wapo wafanyabiashara wa maji. Ukiwalipa wanapeleka msafara wa maji Vault 13 na unaongezewa siku 100. Mombasa tungeita mkokoteni. Lakini msafara unaacha nyayo: katika toleo la mwanzo kabisa, kuununua muda huo kulifupisha muda mwingine uliojificha, ule wa maadui kulipata handaki lenu. Kiraka cha 1.1 kiliondoa shinikizo hilo, na anayenunua nakala leo anacheza toleo lililorekebishwa. Sijui kama nisikitike au nifurahi. Kama kanuni lilikuwa la kikatili, kama hadithi lilikuwa sahihi kabisa.

Kifaa chenyewe kiko Necropolis, mji wa watu waliochunwa ngozi na mionzi, chini kabisa kwenye handaki la Vault 12. Unaweza kukichukua ukaondoka. Ukifanya hivyo, mtambo wao wa maji ndio uliouzima, na watu wale watakufa kwa kiu kwa ajili ya watu wako. Njia nyingine ni kutafuta vipuri kwenye mitaro ya chini ya mji na kuitengeneza pampu yao ya zamani kwa stadi ya Repair kwanza, ndipo uchukue. Hakuna anayekupigia tarumbeta wala mshale wa njano kichwani mwa mtu. Ukichelewa sana, ukifika utakuta mji umeshavamiwa na huna wa kumsaidia. Nani mwenye haki ya maji, aliyekaa juu ya kisima au aliyetumwa? Wachezaji wetu wanalielewa swali hilo kwa tumbo.

Mambo machache ya safari ya kukariri. Nenda handaki la Vault 15 ukiwa na kamba mbili, si moja, kwa sababu mashimo ya lifti ni mawili. Kabla ya kuingia Glow, eneo lenye mionzi mikali, meza vidonge viwili vya Rad-X, dawa ya kukinga mionzi, ungali nje jangwani, na beba kamba nyingine. Mionzi haioneki mpaka umeshakufa siku kadhaa baadaye. Na usiiache Speech nyuma. Adui mkuu wa mwisho anaweza kushindwa bila risasi, kwa hoja na ushahidi uliokusanya, na hiyo ni moja ya zamu bora zilizowahi kuandikwa kwenye gemu ya aina hii. Kasoro ndogo: simulizi za mwisho za miji si zote zinazofanya kazi. Mwisho mzuri wa kundi la Followers haupatikani katika toleo la asili hata ufanye wema wa malaika, kwa sababu ya hitilafu ya programu.

Kwa wanaouliza mashine: laptopu yoyote ya mitumba inaibeba, na faili lake halifiki jigabaiti moja, kwa hiyo bando la siku linatosha. Nakala za Steam na GOG, maduka ya gemu ya mtandaoni, zinakuja na kiraka cha kukuza picha. Fungua faili la f1_res.ini, andika 1280 kwenye SCR_WIDTH na 720 kwenye SCR_HEIGHT. Usiweke ukubwa wote wa skrini yako, vitu vya kuokota vitakuwa vidogo kama punje za mtama na utavipita. Rangi zikijigeuza upinde wa mvua, tatizo ni njia ya zamani ya kuchora picha. Ndani ya faili hilo hilo badilisha GRAPHICS_MODE iwe 2.

Simu ya Android nayo inaweza, kupitia mradi wa bure wa mashabiki uitwao Fallout Community Edition. Ila mradi hautoi gemu, unatoa injini. Lazima uwe na nakala uliyonunua, kisha unakili master.dat, critter.dat na folda ya data kwenye simu. Kidole kimoja kinasogeza mshale, kugonga kwa vidole viwili ni sawa na kitufe cha kulia cha mausi. Maandishi ni madogo, kwa hiyo skrini ya inchi sita ndiyo ya chini ninayoweza kuishauri, na ukiwa ndani ya matatu ya Kisauni usijaribu kulenga macho ya mtu: shimo moja la barabara na umempiga Ian.